Kibuyu cha Mzee Gibson

Sura ya Tisa

"Usilie kabla hujaingia," shangazi Aoko aliniambia tulipofika kwenye lango la kina Kipyegon. "Ukiingia na macho mekundu watasema umekuja umeshajihukumu."

"Sijalia, shangazi."

"Basi huo ni umande wa saa tisa mchana? Pangusa uso. Na huo mkate ushike vizuri, unaufinya ni kama unakamua ng'ombe."

Nilipangusa uso kwa ncha ya leso. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka juu ya mashamba ya chai, meusi upande wa chini. Kwapani nilikuwa nimebana fomu ndani ya karatasi ya plastiki. Yote ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wangu, mwandiko niliorudia kujifunza kwenye masomo ya ngumbaru jioni nikiwa na binti yangu Molly mgongoni. Ilibaki nafasi moja tu chini kabisa: sahihi ya mwenye ploti. Saa kumi na moja, ofisa wa mradi, dada mmoja anaitwa Phelis, angefunga faili lake pale Roret arudi mjini Kericho, na hapo ingekuwa basi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuinua biashara ndogo za akina mama na vijana. Kikundi chetu tulikuwa watano, na kati ya vikundi vyote vya huku kwetu, tulichaguliwa sisi. Tungepewa tangi la kupoza maziwa, friji ya kioo, na mafunzo ya miezi mitatu. Walitaka kitu kimoja kutoka kwetu: mahali pa kudumu penye paa, maji na stima, na mwenyewe akubali kwa maandishi. Mimi ningepata wapi mahali? Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba alichuma chai miaka ishirini na sita kwenye shamba la wengine, halafu mashine za kuchuma zikaja, tukatoka na magodoro yetu kichwani. Sina hata kipande cha ardhi cha kupanda kitunguu.

Lakini Mama Chepkemoi, mama yake Kipyegon, alikuwa na stoo sokoni Roret, iliyokuwa posho mill ya marehemu mume wake. Alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake. "Leta hiyo karatasi nitie mkono," alisema, akicheka. Hiyo ilikuwa kabla ya wiki iliyopita. Kabla ya kibuyu.

Kipyegon alikuwa amesimama barazani. Alikuwa amevaa lile shati la samawati nililomchagulia siku ya soko, kola imekaa upande kama kawaida yake. Aliniangalia mara moja. Ile mara moja nilitamani niibebe kama mtu anavyobeba kaa la moto kwenye kigae, lisizimike njiani. Halafu akaangalia viatu vyake.

"Karibuni, shangazi," alisema.

"Tumekaribia," Aoko akajibu. "Mama yako yuko ndani ama tumsubiri na wewe huku nje mkitazamana?"

Tuliingia. Sebule ilikuwa vile vile, vitambaa vya kufuma kwenye makochi, na ukutani picha ya Mzee Gibson na kofia yake, ameshika ndama shingoni. Sikuwahi kumwona mtu huyu akiwa hai. Alifariki miaka minne iliyopita, mwaka mmoja kabla sijafungua kibanda changu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando ya kibuyu. Na chini ya picha yake, juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, kilikuwa kimewekwa kile kibuyu.

Kilikuwa kinang'aa. Nilikuwa nimekipaka mafuta mimi mwenyewe.

"Chamgei," Mama Chepkemoi alitusalimia. Mkono alimpa shangazi. Mimi aliniinamishia kichwa. "Kaeni. Chai kwanza. Hakuna mtu anatoka kwangu bila chai, hata awe nani."

Alimimina vikombe vinne. Cha Aoko alimpa mkononi. Cha Kipyegon mkononi. Changu alikijaza vizuri, akakiweka mezani, akarudi kukaa. Ni kitu kidogo, najua. Lakini mwanamke huyu alikuwa amezoea kunipa kikombe huku ameshika kiganja changu, akiniuliza, "Mtoto wangu, umekula?"

Ni yeye aliyenifundisha kazi. Watu wa Roret walikuwa wakinitania, "Mjaluo wa mursik, hebu tuonjeshe samaki yako ya maziwa!" na yeye akawanyamazisha. Alinikalisha jikoni kwake miezi minane. Akanionyesha namna ya kuchoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, kukiingiza ndani ya kibuyu, kukizungusha bila kukipasua, kusugua kuta zake za ndani mpaka masizi yashike, ndipo umimine maziwa yaliyochemshwa na kupoa, ufunike, uyaache siku zake. Nelvine, binti yake, yuko chuo cha uuguzi na hapendi moshi. "Huyu Amondi ndiye mwenye mkono mwepesi," Mama aliwaambia majirani. Hapo ndipo Kipyegon alianza kuleta maziwa mwenyewe kwa pikipiki badala ya kumtuma mtu. Akifika haendi. Ananishikia sufuria isifurike huku mimi nikimsuka Molly nywele, na maziwa yakipanda ananiita, "Amo, Amo, kimbia!" na yeye mwenyewe ndiye yuko karibu na moto. Tulipendana hivyo, kwa sufuria.

"Mama Nelvine," shangazi alianza, akiweka kikombe chini. "Sisi hatukutumwa na mtu. Tumekuja na miguu yetu. Mtoto wetu ameharibu kitu chako, na kitu chenyewe hakipatikani dukani. Hatukuja kusema si kitu. Tumekuja kusema pole."

"Nimesikia."

"Mkate ni huu, na sukari ni hii. Si malipo. Ni adabu tu."

"Kongoi, asante." Mama Chepkemoi aliangalia mkate bila kuugusa. Kisha akanigeukia. "Wewe. Sema mwenyewe. Una mdomo."

Nilishuka kwenye kochi nikapiga magoti. Kwao hawapigi magoti hivyo, hata kwetu siku hizi ni wachache, lakini miguu ilijiamulia.

"Mama, nisamehe. Wageni wa mradi walikuwa karibu kuja, walitaka waone vibuyu kumi. Kimoja kilipasuka mkononi nikisugua. Maziwa yalikuwa yameshachemka yamepoa. Nikachukua hiki. Sikujua ni cha Mzee."

"Hukujua."

"Sikujua, mama."

"Nilikufundisha kuosha, nilikufundisha kuchoma, nilikufundisha kusubiri," alisema polepole. "Sikukufundisha kwamba kila kibuyu kwa nyumba yetu kina mtu?"

"Ulinifundisha."

Kweli alinifundisha. Kwao baba ana kibuyu chake, mtoto wa kwanza ana chake, na mgeni hapewi cha baba. Nilijua. Nilipopewa kile kibuyu niliona shingoni kuna ukanda wa ngozi na shanga zilizofifia, nikaona kinavyong'aa mahali ambapo kiganja cha mtu mmoja kimeshika miaka mingi. Niliuliza, "Hiki ni cha nani?" nikajibiwa, "Cha hapa nyumbani tu, hakitumiki." Niliuliza mara moja. Nilipaswa kuuliza mara mbili. Lakini maziwa yalikuwa tayari na tangi nilikuwa nimeanza kuliona ndotoni, likinguruma kwenye stoo yangu, na jina la kikundi chetu limeandikwa mlangoni. Kwa hiyo nilimimina maji ya moto ndani. Masizi ya zamani yakatoka vipande vipande kama ngozi ya kidonda. Nikasuuza mara tatu. Nikachoma kwa kijiti kipya. Na siku ya wageni, Phelis alionja vyote kumi, akarudi kwenye hicho hicho, akasema mbele ya watu wote, "Hiki ndicho kitamu kuliko vyote!" Mama Chepkemoi, ambaye tulikuwa tumemkalisha kiti cha mbele, alisimama, akakiangalia mkononi mwa mgeni, akaenda nyumbani.

"Unajua nilikuwa nafanya nini na hiki kibuyu?" aliniuliza sasa.

Nilitikisa kichwa.

"Mzee alikunywa asubuhi, akakiacha na maziwa kidogo chini. Akasema atamaliza jioni. Jioni hakurudi, alirudishwa. Yale maziwa yalikauka humo ndani. Mimi sikuosha. Miaka minne, kabla ya kulala, nakishusha, nakifungua kidogo, nanusa, nafunga. Basi. Nalala." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ingepanda. "Zile siku nilizokuwa kwa Nelvine chuoni sikukinusa; Jumatano usiku, kiliporudi nyumbani, nimefungua. Nimenusa maziwa yako."

Shangazi Aoko, ambaye ana neno kwa kila jambo, alifumba macho akasema tu, "Yawa."

"Mama..." Kipyegon alisema.

Sema, nilimwambia kwa macho. Sema sasa.

"Mama, kunywa chai, inapoa," alisema.

Mama Chepkemoi hakumsikia hata. Alikuwa ameinama kunielekea mimi. "Kuna kitu kimoja bado kinanikaba hapa kooni, na nataka unijibu mbele ya shangazi yako. Hiki kibuyu hakikuwa jikoni. Kilikuwa chumbani kwangu, kwenye msumari, juu ya kitanda. Wewe nimekufungulia jikoni yangu. Sijawahi kukufungulia chumba changu. Nani alikuingiza?"

Nje ngurumo ilipita, mbali, upande wa Bomet.

Ni hapo, msomaji wangu, ningeweza kuokoa kila kitu kwa neno moja. Maana sikuwahi kukanyaga chumba kile. Nilikuwa jikoni kwa Mama nikilia na vipande vya kibuyu changu miguuni, na Kipyegon akaniambia, "Nyamaza, Amo, ngoja," akaingia ndani, akatoka na hiki, akitabasamu kama mtu aliyeniletea ua. Ni yeye. Na sasa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, kikombe kinatetemeka juu ya kisahani chake, ti-ti-ti-ti, mpaka akakishika kwa mkono wa pili.

Nilimwangalia. Nilimpa muda. Nilimpa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumpa mtu yeyote, hata baba yake Molly aliyeniambia anaenda kununua maziwa ya mtoto. Uso wake mzuri, zile ndevu anazoziacha kidevuni tu kwa sababu nilizisifu, vyote vilikuwa vimeelekea sakafuni.

"Nakuuliza wewe," Mama alisema. "Usimwangalie huyo."

"Mimi ndiye niliyekiosha, mama," nilisema. "Hakuna mwingine aliyekiosha."

"Kwa hiyo uliingia."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

"Kwa hiyo uliingia chumba cha mjane ukashusha kitu juu ya kitanda chake." Aliegemea kochi kama amechoka ghafla. "Ndugu za mume wangu waliniambia. Waliniambia, huyo msichana ana mtoto, hana kwao, anakufuata kwa sababu ya stoo na kijana. Nikawaambia wanyamaze, nimeona mikono yake, ni mikono ya mtu wa kweli. Nimegombana na watu kwa ajili yako."

"Mama Nelvine," Aoko aliingilia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama kile kikombe kinachotetemeka. "Huyu mtoto nimemlea. Akivunja sahani alikuwa anakuja na vipande mkononi kunionyesha. Kuingia chumba cha mtu... hapana. Uliza vizuri. Uliza nyumba nzima."

"Nyumba nzima ni mimi na mwanangu."

"Basi."

Nilimshika shangazi upindo wa gauni, nikauvuta kidogo, kumwomba asiendelee. Sijui kwa nini. Ama najua. Kama ukweli ungetoka kwa mdomo wa shangazi yangu, Kipyegon angekuwa amekamatwa tu. Nilitaka aseme mwenyewe. Nilitaka niwe nimependa mtu anayesema mwenyewe.

Mama Chepkemoi alisimama. Akachukua kibuyu kwa mikono miwili, akaja akakiweka mapajani mwangu, pale nilipopiga magoti.

"Chukua."

"Mama, hapana, siwezi..."

"Chukua. Sasa ni kibuyu tu. Mimi nacho nitafanya nini? Na hiyo karatasi uliyobana kwapani usiitoe. Nimeiona tangu langoni. Sitaki uniulize, ili nisikuambie hapana mbele ya chai."

Tulitoka. Chai yangu sikuinywa, ilibaki mezani imejaa, ikishika ukoko juu.

Langoni shangazi alinitazama, akatazama nyuma yangu, ambako Kipyegon alikuwa anakuja mbio. "Mimi natangulia," alisema. "Haya magoti yangu hayana mwendo, lakini yana adabu. Usikae sana. Ni saa kumi na dakika." Akaondoka na njia ya chini kati ya michai, kitambaa chake chekundu cha kichwani kikizidi kuwa kidogo.

"Amo."

"Usiniite hivyo leo."

"Amondi. Nisikilize. Nilidhani hatajua. Vibuyu vinafanana..."

"Kwa mtu asiyepika, vinafanana."

"Ulikuwa unalia. Siwezi kuona ukilia. Nilitaka mpate lile tangi, wewe na wenzako. Nilifanya kwa sababu yako."

"Najua," nilisema. Na kweli nilijua. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniumiza zaidi, kwamba kitu kibaya kabisa nilichowahi kutendewa kilitendwa kwa mapenzi. "Sijakukasirikia kwa kukishusha, Kipyegon. Mimi mwenyewe nilikiosha na macho yangu yaliona shanga. Nimekasirika kwa pale ndani. Aliuliza nani. Ulikuwa umekaa pale."

Alijishika kichwa. "Tangu baba afe, mama hana mtu. Nikirudi jioni anakaa karibu na dirisha mpaka asikie pikipiki. Akijua ni mimi niliyemwondolea baba, atakuwa amepoteza mume na mtoto siku moja. Unaelewa? Siku moja!"

"Na akiamini ni mimi?"

"Wewe..." Alitafuta neno. Nilimwona akilitafuta, na nilimwona akiliokota lile baya. "Wewe una nguvu, Amondi. Wewe utapona."

Upepo wa mvua ulikuwa umeanza, majani ya chai yote yakalala upande mmoja.

"Watu wanapenda kuniambia nina nguvu," nilisema, "wakiwa na mzigo wa kunitwika."

"Si hivyo. Wacha tuondoke basi. Mjomba ana nyumba Kipkelion, tutaanza huko, maziwa yapo mengi. Mimi, wewe na Molly. Nitauza pikipiki..."

"Kipkelion na fomu yangu iko hapa? Christabel na wale wengine watatu wa kikundi wananisubiri sokoni tangu saa nne asubuhi. Wamefagia ile stoo, Kipyegon. Wameipaka chokaa." Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi. "Sitaki Kipkelion. Nataka kitu kimoja tu na ni karibu. Lango ni hilo. Hatua ishirini, mlango ni ule. Ingia umwambie, 'Mama, ni mimi.' Maneno matatu. Hata asipotia sahihi. Haki ya Mungu, hata lile tangi liende, nitakuwa na wewe. Nitarudi ndani nipige magoti na wewe tulie naye wote watatu."

Aliniangalia. Ile ndiyo sura niliyoipenda, macho yaliyojaa maji na hayamwagiki. Alinivuta akanikumbatia, na kibuyu kikawa katikati yetu, kigumu, kikinibonyeza mbavuni.

"Nitasema," alininong'oneza kwenye nywele.

"Sasa."

"Sasa."

Matone ya kwanza yalianguka, makubwa. Ndani ya nyumba sauti ya mama yake iliita, "Kipyegon! Mvua!" Aliachia mkono wangu. Akafungua lango, akapita uani karibu akikimbia, akaingia, mlango ukafungwa nyuma yake.

Nilisimama pale.

Sijawahi kuomba vile. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, na kwa yale maneno machache ya Kipsigis ninayoyajua, ambayo mengi ni ya jikoni. Nilisikiliza. Nilingoja kusikia kilio cha mama, maana kilio kingekuwa habari njema. Mvua ilikuwa inaongezeka juu ya mabati. Dakika moja. Dakika tatu. Nilifunika fomu kwa leso, nikafunika kibuyu kwa mwili. Atakuwa anamwambia, nilijisemea. Jambo kama hilo halisemwi kwa haraka. Atakuwa amemshika mkono.

Mlango ulifunguliwa.

Kipyegon alitoka akikimbia, amejikunja kwa mvua, na mkononi alikuwa na mwavuli. Ule mweusi mkubwa wa mama yake, wa kanisani. Alifika langoni, akaufungua, akaninyooshea kwa juu ya lango. Maji yalimtiririka usoni na sikuweza kujua ni ya mvua au ni yake.

"Usilowe," alisema.

Niliungoja ule mwingine, ule ukweli, labda uko nyuma ya mwavuli. Haukuwepo.

"Ulimwambia?"

"Alikuwa anakunja kile kitambaa cheupe," alisema. "Alikuwa anakikunja, Amo, polepole, na... nilishindwa. Kesho. Akitulia. Nakuapia kesho."

"Kesho faili limefungwa."

"Si faili tu maisha, Amondi!"

"Ndiyo," nilisema. "Si faili tu."

Mwavuli sikuuchukua. Nilimwona ameushika vile vile juu ya lango, umefunika mahali ambapo nilikuwa nimesimama na sasa hapana mtu. Nilipogeuka mara ya kwanza alikuwa bado yuko hivyo. Sikugeuka mara ya pili.

Shangazi nilimkuta amejibanza chini ya paa la kituo cha kuuzia majani mabichi ya chai. Alinitazama, nimelowa mpaka kwenye mifupa. Alivua sweta yake, akafunga kibuyu, si mimi.

"Ni yule kijana, sivyo?" alisema baadaye, tukitembea.

"Shangazi, tafadhali usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Wewe umeamua kuwa mwizi kwa ajili ya mtu, mimi nitakupokonya?" Akapiga hatua kadhaa. "Lakini nyathina, mwanangu, mwanamume ambaye anaweza kukaa akakutazama ukipiga magoti kwa kosa lake... nitamsalimia njiani, kwa sababu nimelelewa. Chakula changu hatakula."

Nilimpigia Phelis simu saa kumi na moja kasoro dakika tano, nikiwa mbele ya stoo. Chokaa ilikuwa bado inanuka mbichi. Christabel na wenzangu walikuwa wameshaniona uso, wakaanza kukusanya mafagio bila kuambiwa.

"Mama Molly! Nakusubiri. Umepata sahihi?"

"Sijapata, madam."

"Oh. Mwenye ploti amekataa? Kuna sababu? Maana kama ni jambo la kuelewana, naweza kumpigia mwenyewe, nimweleze..."

Ningeweza kusema. Hata hapo bado ningeweza.

"Ni kosa langu," nilisema. "Niliharibu kitu cha nyumbani kwake."

Nilisikia karatasi zikigeuzwa. "Pole sana. Haki, ile mursik yenu... Sawa. Itabidi nipigie kikundi kinachofuata, kile cha Merigi. Usikate tamaa, mwaka ujao mjaribu tena. Mkipata mahali."

"Asante, madam. Watu wa Merigi wana maziwa mazuri."

Jioni hiyo kibanda kilikuwa kidogo kuliko siku zote. Molly alikuwa amekaa juu ya mtungi, miguu inaning'inia, ana miaka mitano na maswali mia. Nilifungua sweta ya shangazi, nikaweka kibuyu mezani. Shanga zilikuwa zimelowa, na kwa kulowa zilikuwa zimepata rangi tena, nyekundu na buluu.

"Mama, hiki ni chetu?"

"Si chetu."

"Ni cha nani?"

"Ni cha baba yake Kipyegon."

"Na Kipyegon ataleta maziwa kesho?"

Nilimfunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Sijui, mama yangu. Kesho tutatafuta maziwa kwingine. Sisi wawili. Sawa?"

"Sawa." Alikitazama kibuyu kwa heshima, kama watoto wanavyotazama kitu cha mtu mzima. "Baba yake yuko wapi?"

"Alienda."

"Yuko ndani?"

Nilishika kile kifuniko, nikakifungua kidogo tu, vile Mama Chepkemoi alivyosema alikuwa anafungua, nikasogeza uso. Nilivuta pumzi taratibu, nikatafuta. Chini kabisa, pembeni, hata chembe, hata harufu ya asubuhi moja ya miaka minne iliyopita ambayo kijiti changu hakikuifikia.

Kulikuwa na moshi wa senetwet. Kulikuwa na maziwa yangu.

Nilikuwa nimekiosha vizuri, kama nilivyofundishwa.